Bastola, shotigani, au grili na mlinzi? Ulinganisho kwa mwenye nyumba, duka na shamba, Tanzania na Kenya

Watu wengi huanza kufikiria silaha wiki ile ile jirani yao amevamiwa. Swali linalowatoka ni moja: leseni inapatikanaje? Kuna swali linalopaswa kutangulia: hatari unayoiogopa itakukuta wapi, saa ngapi, na nani atakuwa karibu nawe? Mwenye duka la jumla anayefunga hesabu saa mbili usiku na kubeba mauzo hadi kwenye gari, mfugaji mwenye boma kilomita 20 kutoka kituo cha polisi, na familia yenye watoto wadogo katika nyumba ya vyumba vinne mjini, hawa hawahitaji kitu kimoja. Wakipewa ushauri mmoja, wawili kati yao watakuwa wamepotoshwa.

Njia zinazolinganishwa hapa ni tatu: bastola, shotigani, na ulinzi usio na bunduki kabisa. Bunduki za kivita hazimo. Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo, ambayo Tanzania na Kenya zote ni washirika wake, inataka raia wapigwe marufuku kumiliki bunduki za otomatiki na raifo zinazojipakia zenyewe. Kenya, adhabu ya kukutwa na bunduki ya kivita inafika kifungo cha maisha. Anayekuletea ya magendo kwa bei ya chini hakusaidii kujilinda.

Leseni: mlango wa kila nchi

Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyofuta ile ya 1991. Msimamizi ni Msajili wa Silaha, chini ya Jeshi la Polisi, lakini faili haliendi kwake moja kwa moja. Linaanzia serikali ya mtaa au ya kijiji, pale unapojulikana kwa tabia, linapanda kata, linafika kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, kisha mkoa, ndipo lifike makao makuu. Ngazi yoyote inaweza kulirudisha.

Kinachorudisha mafaili ni sababu iliyoandikwa kwa maneno mawili: "ulinzi binafsi". Kila Mtanzania anataka ulinzi binafsi. Kamati inataka kuona kwa nini wewe, kwa nini sasa, na kwa nini silaha badala ya kitu kingine. Ambatisha namba za RB (kumbukumbu ya taarifa kituoni polisi) za matukio uliyoripoti, leseni ya biashara na TIN (namba ya mlipa kodi), hati ya shamba au mkataba wa pango. Eleza umbali kutoka kituo cha polisi na aina ya mali unayolinda. Aliyevamiwa mara mbili na hakuripoti hata moja ana hadithi tu, hana ushahidi. Sheria inadai pia uthibitisho kwamba unajua kuitumia silaha, kwa hiyo mafunzo si hiari. Usilipe silaha dukani kabla ya kibali kutoka.

Kenya inatumia Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mwenye kauli ni Bodi ya Leseni za Silaha. Mwombaji hupeleka cheti cha maadili mema kutoka DCI (idara ya upelelezi), kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya mapato), uthibitisho wa afya ya mwili na akili na wa mafunzo, kisha huhojiwa na kuchunguzwa. Namba za OB hufanya kazi ile ile ya RB za Tanzania. Cheti huhuishwa kila mwaka, na ukikiacha kipite muda unakuwa na silaha isiyo na kibali, hata kama ulikuwa nacho mwaka jana.

Nchi zote mbili zimewahi kuwaita wamiliki wote upya. Tanzania ilifanya uhakiki wa silaha nchi nzima mwaka 2016. Kenya, Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i alitoa siku 90 kila mwenye silaha ahakikiwe upya. Kwa hiyo weka nakala za leseni, stakabadhi ya ununuzi na picha ya namba ya silaha mahali tofauti na silaha yenyewe. Siku ya wizi au moto ndiyo siku utakayoihitaji namba hiyo.

Jambo moja linawaponza watu katika nchi zote mbili, tena watu waadilifu: leseni ni ya mtu, si ya nyumba. Ukisafiri ukamwachia shotigani mlinzi wa getini "alinde tu hadi nirudi", wewe na yeye mmevunja sheria. Vivyo hivyo kwa mke, mume, mtoto mkubwa au meneja wa shamba, kama hana kibali chake. Mwenye silaha akifariki, warithi hawairithi kama ng'ombe au kiwanja. Wanaipeleka polisi, na anayeitaka anaanza maombi yake mwenyewe.

Kujitetea: hapa nchi hizi zinaachana

Kwenye leseni tofauti ni ya ofisi na makaratasi. Kwenye kujitetea tofauti ni ya uhuru wako, na ndiyo inayopaswa kupima uamuzi wako kuliko bei ya bastola.

Tanzania imeandika haki hii kwa kirefu katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 18A kinampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwingine, na kutetea mali. Kifungu cha 18B kinaweka mpaka: nguvu inayotosha kwa ulinzi huo tu, na aliyeua kwa kuzidisha nguvu ana hatia ya kuua bila kukusudia. Kifungu cha 18C kinataja mazingira ambayo hata kifo kinaweza kukingwa na sheria: uwe na imani ya kweli, yenye msingi wa maana, kwamba usipofanya hivyo wewe au mwingine mtakufa au kujeruhiwa vibaya, au unazuia ubakaji, utekaji, uvunjaji wa nyumba usiku, unyang'anyi au uchomaji moto.

Kenya haikuandika orodha hiyo. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinaelekeza mahakama kwenye kanuni za sheria ya mapokeo ya Uingereza. Kesi inayorejelewa sana ni ya Palmer ya 1971, iliyotoka Jamaika hadi Baraza la Faragha London, mahakama ya mwisho ya rufaa ya Jamaika. Kwa ufupi inasema hivi: aliyeshambuliwa hawezi kutegemewa kupima nguvu yake kwa mizani ya dhahabu wakati wa taharuki, lakini shambulio likiisha, haki ya kujitetea nayo imeisha. Katika nchi zote mbili, utetezi huu ukishaibuliwa kwa ushahidi, ni upande wa mashtaka unaopaswa kuuvunja pasipo shaka ya msingi.

Msomaji wa haraka ataona Tanzania imempa mwenye mali nafasi pana zaidi, kwa kuwa mali imetajwa waziwazi. Kwa maneno ya sheria ni kweli. Lakini tazama kinachofuata baada ya risasi. Mtu akifa, mashtaka yanayoweza kufunguliwa kwanza ni ya mauaji. Tanzania, mauaji hayana dhamana, kwa mujibu wa kifungu cha 148 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Unaweza kuwa na utetezi mzuri kabisa chini ya 18C na bado ukaungojea ukiwa mahabusu hadi kesi isikilizwe Mahakama Kuu. Kenya, tangu Katiba ya 2010, ibara ya 49 inampa kila mshtakiwa haki ya dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Kwa mwenye duka linaloendeshwa na yeye peke yake, tofauti hiyo ni tofauti kati ya duka kubaki wazi na duka kufa.

Chukua mfano ulio wa kawaida kuliko yote. Saa tisa usiku umesikia kishindo. Umetoka na silaha, umemkuta mtu ukutani, televisheni yako begani, mgongo kwako, anaruka kwenda nje. Huna tena hatari ya mwili. Ukimpiga risasi ya mgongo, daktari atakayefanya uchunguzi wa maiti ataandika risasi iliingilia wapi, na sentensi hiyo moja itazungumza kuliko maelezo yako yote. Hilo ni kweli Mbeya na ni kweli Nakuru.

Wengi hujifunza mambo haya kwa video za Marekani, na hapo ndipo makosa yanaanzia. Kule silaha ni haki ya kikatiba, na majimbo kama Florida, tangu 2005, hayamlazimishi mtu kurudi nyuma akiwa mahali anapostahili kuwa. Hakuna Katiba ya Afrika Mashariki yenye haki ya kumiliki bunduki. Kwetu ni ruhusa, na inaweza kufutwa. Hata kwa ndugu waishio huko, sheria haiwafuniki wote: mwenye makazi ya kudumu anaweza kununua, lakini mwanafunzi mwenye viza ya F-1 kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya shirikisho hata kuishika, isipokuwa ana leseni ya uwindaji au msamaha mwingine uliotajwa kisheria.

Shotigani

Kwa shamba, boma, au nyumba iliyo peke yake, shotigani ya pampu (inayokokiwa kwa kuvuta na kusukuma kishiko chini ya mtutu) namba 12 ndiyo inayoleta maana zaidi. Ni rahisi kuieleza mbele ya kamati, kwa sababu haifichiki kiunoni na matumizi yake yanaeleweka. Ni vigumu kuipotezea baa au ndani ya teksi. Risasi zake za marisau (vipande vingi vidogo vya duara) hupoteza nguvu mapema kuliko risasi ya bastola, jambo lenye uzito pale majirani wapo upande wa pili wa uzio.

Imani potofu kubwa kuhusu shotigani ni kwamba huhitaji kulenga. Risasi ya marisau makubwa ya kawaida ina vipande 9, kila kimoja na kipenyo cha milimita 8 na kitu. Vikitoka mtutuni vinatanuka kwa takriban sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Ndani ya sebule ya mita 5, basi, kundi lote lina upana wa sentimita 12 au 13, yaani kama kiganja kilichofunguliwa. Ukikosa kwa nusu mita, umekosa kabisa, na vipande 9 vimekwenda kwenye mlango wa chumba cha watoto. Kwa umbali mkubwa mambo hugeuka: mita 30 kundi limetanuka hadi baadhi ya vipande kupita pembeni ya mlengwa, na kila kipande unakijibu wewe.

Kinachoharibika ni pampu kuvutwa nusu. Mtu mwenye hofu huvuta kwa haraka, hafiki mwisho, ganda tupu halitoki au risasi mpya haipandi, na silaha inakwama wakati ule ule. Dawa yake ni mazoezi ya risasi za bandia: vuta hadi igonge nyuma, sukuma hadi igonge mbele, mara 50, hadi mkono ukatae kuishia njiani. Kingine ni urefu. Bunduki yenye karibu mita moja haigeuki vizuri kwenye korido nyembamba, na mtutu unaotangulia kwenye kona ya mlango unaweza kushikwa.

Mkulima aelewe pia kwamba leseni ya shotigani haimpi ruhusa ya kuua wanyamapori. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mnyama msumbufu ni wa kuripotiwa KWS (shirika la wanyamapori). Tanzania uwindaji upo kwa vibali, lakini tembo aliyeingia kwenye mahindi ni wa afisa wanyamapori, si wako. Mlio wa juu na marisau ya ndege pia humkasirisha nyati au tembo pasipo kumwangusha, na anayebaki na hasira hiyo ni wewe uliyesimama shambani.

Bastola

Bastola inamfaa mtu mmoja zaidi ya wengine: yule ambaye hatari yake inatembea naye. Mfanyabiashara wa madini, mnunuzi wa mazao anayebeba fedha taslimu, mtu aliyekwisha kutishiwa maisha na ana RB au OB ya vitisho hivyo. Kwa Kenya ndiyo silaha iliyozoeleka kwa raia wa mjini, na jina la Ceska linajulikana hata na asiyewahi kuishika. Katika shambulio la Westgate Nairobi, 21 Septemba 2013, raia wenye leseni za bastola walikuwa miongoni mwa walioingia mapema kuokoa watu. Tukio hilo hutajwa kila mara mjadala huu unapoibuka, na ni halali litajwe. Lakini wale walikuwa watu waliozoea kufyatua risasi, si watu wenye bastola iliyolala droo miaka mitatu.

Bastola ndiyo silaha ngumu kuliko zote kupiga nayo vizuri. Mtutu ni mfupi, kishiko ni kimoja, na kosa dogo la kidole kwenye triga linahamisha risasi nusu mita kwa umbali wa mita 10. Asiyeweza kufyatua angalau boksi moja la risasi 50 kila mwezi au miezi miwili, kwenye uwanja wa shabaha, chini ya mkufunzi, hapaswi kuichagua. Wakazi wa Nairobi na Kiambu wana uwanja wa Kirigiti. Tanzania nafasi za raia ni chache, hivyo uliza wilayani mwako mazoezi utayafanyia wapi kabla hujaandika neno "bastola" kwenye fomu. Kama jibu ni hakuna, andika shotigani au usiandike kitu.

Kisha kuna umbali. Mwaka 1983 askari wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu hupita kama mita 6 na nusu kwa sekunde moja na nusu. Uvamizi mwingi wa majumbani kwetu ni wa panga. Mvamizi akiwa tayari mlangoni pa chumba chako, sekunde hiyo moja na nusu haikutoshi kuamka, kufungua sefu, kukoki na kulenga. Bastola bila kizuizi kinachomchelewesha mvamizi ni bastola atakayoondoka nayo yeye.

Risasi ya milimita 9 haisimami upesi. Tofali la saruji lililojazwa linaweza kuizuia, lakini mlango wa mbao, dari ya jipsam na bati haviizuii. Ikikosa mlengwa na kutoka dirishani inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Katika nyumba za Kariakoo au Eastleigh, ukuta wa upande wa pili una kitanda cha mtu mwingine.

Ajali inayoua wenye bastola na watoto wao ina umbo lile lile karibu kila mara, kwa hiyo tuiangalie kwa karibu. Mtu anarudi nyumbani, anataka kuipumzisha silaha. Anavuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) kwanza, risasi iliyokuwa chemba (mahali inapokaa tayari kufyatuliwa) inaruka nje, anaiona sakafuni na kuridhika. Kisha anachomoa magazini (kasha la risasi ndani ya kishiko). Lakini slaidi iliporudi mbele, magazini ilikuwa bado ndani, na ilipandisha risasi nyingine chemba. Sasa ana bastola isiyo na magazini, anaamini ni tupu, na ina risasi moja. Anabonyeza triga "kuilegeza". Mpangilio sahihi ni huu, na hauruhusu kubadilishwa: mtutu uelekee mahali risasi ikitoka haiwezi kudhuru mtu, kidole nje ya triga, magazini itoke kwanza, slaidi ivutwe mara mbili tatu, ishikwe wazi, chemba itazamwe kwa macho na kuguswa kwa kidole kidogo, maana usiku macho hudanganya. Baadhi ya bastola hazifyatui magazini ikiwa nje, lakini nyingi zinafyatua, na huwezi kukisia yako ni ipi.

Kubeba kuna masharti yake. Ala iwe ngumu, inayofunika triga yote. Bastola iliyochomekwa kiunoni bila ala, au ndani ya pochi pamoja na funguo, ni ajali inayongoja. Usinywe pombe ukiwa nayo, hata bia moja. Ugomvi wa baa wenye bastola mezani ni kosa hata kama haikufyatuliwa, na ni njia ya haraka ya kupoteza leseni. Hapa hakuna nusu: ukienda sherehe yenye vinywaji, bastola ibaki sefuni.

Sefu, na unyevu wa pwani

Gharama hii huongezwa kwenye silaha zote mbili, na wengi huisahau. Sefu ya kilo 40 isiyofungwa chini ni mzigo wa wezi wawili. Ifungwe kwenye zege kwa boliti nne za kupanuka za milimita 10 au 12, zilizoingia angalau sentimita 8, zikifungwa kutoka ndani ya sefu. Ukuta wa tofali tupu hautoshi, boliti zitang'oka na tofali. Risasi zikae sehemu ya pekee yenye kufuli yake. Ufunguo usikae juu ya kabati. Mtoto wa miaka sita anajua kila kilicho juu ya kabati.

Tanga, Mombasa na Unguja, chuma hupata kutu ndani ya wiki chache za masika. Futa na kupaka mafuta mepesi ya silaha kila wiki mbili, weka vifuko vya kukausha unyevu ndani ya sefu, na usiihifadhi silaha ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuukumbatisha chuma. Mafuta yasiguse risasi. Yakipenya kwenye kiwashio chake, risasi inakufa, na hutajua hadi uibonyeze.

Bila bunduki

Kwa familia ya mjini yenye watoto wadogo hii ndiyo njia ya kwanza, na kwa wengi inatosha yenyewe. Sababu ni dakika. Wezi huchagua nyumba inayofunguka upesi na isiyo na kelele. Kila kitu kinachowaongezea dakika tano kinawaongezea hatari wao, si wewe.

Anzia ndani kwenda nje, si kinyume chake. Watu hutumia fedha zote kwenye ukuta na geti kubwa, halafu mlango kati ya sebule na vyumba vya kulala ni wa mbao laini wenye komeo la kusukuma. Weka geti la grili kwenye korido hiyo, nondo za milimita 12, fremu iliyoshikwa kwa nanga ndani ya ukuta, bawaba zilizochomelewa pini zisichomoleke. Kufuli lifungwe kwa ndani, na ufunguo ukae mahali pamoja panapojulikana na kila mtu mzima, karibu lakini mbali na mkono wa anayesimama nje ya grili. Nyumba ikiwaka moto usiku, grili isiyo na ufunguo karibu inaua. Dirisha moja la chumba cha kulala liwe na grili inayofunguka kwa ndani kwa sababu hiyo hiyo.

Kisha taa za kihisi mwendo kwenye kona za nyumba, king'ora cha kubonyeza kutoka kitandani, mbwa wawili badala ya mmoja (mmoja hulishwa nyama yenye sumu, wa pili hubweka), na simu yenye chaji chumbani na si sebuleni. Namba 112 ni ya dharura Tanzania. Kenya ni 999 au 112. Hifadhi pia namba ya zamu ya kituo chako, ya mwenyekiti wa mtaa au balozi, na kwa Kenya ya chifu na nyumba kumi. Jirani anayewasha taa na kupiga kelele hufika kabla ya gari la polisi.

Mlinzi wa kampuni ana tofauti kati ya nchi. Tanzania, kampuni nyingi hutoa mlinzi mwenye shotigani ya kampuni, na leseni na wajibu ni vya kampuni. Kenya, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi ya 2016, mlinzi wa kawaida wa geti hana bunduki. Ana rungu, redio na kitufe cha kuita gari la msaada. Kabla ya kusaini, uliza mambo matatu: mlinzi amefyatua risasi lini mara ya mwisho, gari la msaada linatoka wapi na kwa dakika ngapi, na bunduki hukaguliwa na nani wakati wa kupokezana zamu. Kampuni inayosita kwenye swali la mwisho usiiweke getini pako.

Tungemshauri nani achukue kipi

Familia mjini: grili, king'ora, mbwa, majirani. Silaha isiingie nyumba yenye kijana mwenye msongo wa mawazo, ulevi, au ndoa iliyofika kwenye vipigo. Hapo silaha humdhuru aliye ndani kabla haijamzuia aliye nje, na hakuna sefu inayolitatua hilo kama mwenye tatizo ndiye mwenye ufunguo.

Mfugaji au mkulima wa mbali: mbwa na taa ya sola kwanza, kisha shotigani ya pampu, sefu iliyofungwa kwenye zege, na mtu wa pili mwenye kibali chake mwenyewe kama wewe husafiri.

Mwenye duka: punguza fedha kabla ya kuongeza silaha. Mauzo yapelekwe benki au kwa wakala mchana, mara mbili, kwa saa zisizotabirika, na M-Pesa au malipo ya simu yapewe nafasi ya mbele. Kama bado fedha taslimu ni nyingi na vitisho vina RB au OB, basi bastola, kwa sharti la mazoezi lile lile. Asiyeweza mazoezi aajiri kampuni ya kusafirisha fedha.

Ikitokea risasi imetoka

Hatari ikiisha, silaha irudi kwenye usalama na iwekwe chini mahali inapoonekana. Piga polisi wewe mwenyewe, wa kwanza, na uombe gari la wagonjwa kwa aliyejeruhiwa hata kama ni mvamizi. Zuia damu kama unaweza kumkaribia salama. Usiokote maganda, usihamishe panga lake, usisafishe sakafu. Polisi wakiingia, mikono iwe mitupu na ionekane. Toa jina lako, sema ulishambuliwa, waoneshe silaha, mashahidi na alikoingilia, kisha omba wakili kabla ya kuandika maelezo ya onyo. Silaha itachukuliwa kwenda kwa mtaalamu wa uchunguzi. Dai hati ya kukamata mali yenye aina, namba ya silaha na idadi ya risasi zilizobaki, na usome namba hiyo mara mbili kabla ya kutia saini.

Na kama umekwisha kuwa nayo na umeona haikufai tena, au mwenyewe amefariki na ipo kabatini, usiizike wala kumuuzia rafiki. Ipeleke kituoni bila risasi ndani, risasi zikiwa kwenye mfuko wa peke yake, leseni mkononi. Piga simu kwanza useme unakuja na silaha, usije ukaingia getini umeishika. Serikali ya Tanzania imewahi kutoa vipindi vya msamaha vya kusalimisha kwa hiari silaha zisizo na kibali, lakini yenye leseni haihitaji kungoja msamaha. Ondoka na stakabadhi yenye muhuri, na uitunze pamoja na hati za nyumba.